Kinywa Kinawaka Moto: Namna ya Kula Ukiwa na Ugonjwa wa Likeni



Pengine ni weye mwenyewe, pengine ni mama yako ao jirani. Anaketi kwa chakula pamoja na wengine, anakata kipande cha bukari, anakichovya ndani ya muchuzi, na wakati kinagusa shavu kwa ndani anafunga macho kwa uchungu. Kiisha anasema, "Mimi nimeshiba," na hajakula kitu. Juma linapita, mwezi unapita, na nguo zake zinaanza kuwa kubwa kwake.

Karatasi hii inaongea juu ya ugonjwa mumoja wa kinywa wenye kukaa miaka mingi. Waganga wanauita likeni plani. Hauna dawa ya kuumaliza siku moja. Lakini mutu anaweza kuishi nao, kula, kufanya kazi ya shamba na kulea watoto, kama anajua namna ya kula na wakati gani wa kuja hospitali.

Simama mahali penye mwangaza, chukua kioo, fungua kinywa. Tazama mashavu kwa ndani, kuume na kushoto. Kwa wagonjwa wengi utaona mistari myeupe, miembamba, yenye kukatana kama wavu wa muvuvi wa Tshangalele. Ukiipangusa na kitambaa haitoki. Mistari ile peke yake, mara nyingi haiumi. Watu wengine wanakaa nayo miaka na hawajui. Taabu inakuja wakati nyama ya kinywa inakuwa nyekundu, inachubuka, ao ufizi unavimba na kumenyuka. Hapo kila kitu kinawaka: chumvi, chai, hata dawa ya meno.

Huu si ugonjwa mupya, wala si wa Kapolowe tu. Muganga Erasmus Wilson wa London aliupa jina lake katika mwaka 1869, na Louis Wickham wa Paris akaandika juu ya ile mistari myeupe katika 1895. Unapatikana katika inchi zote. Kati ya watu wakubwa 100, mumoja ao wawili wanao. Wanawake wanaupata kupita wanaume, zaidi wale wamepita miaka 40. Watoto, ni mara chache sana.

Unatoka wapi? Ndani ya damu yetu kuna askari wadogo wenye kulinda mwili. Kidudu kikiingia, wao wanakipiga. Ni kazi nzuri, bila wao tungekufa sote. Lakini kwa mugonjwa wa likeni askari wale wanakosea: wanaona ngozi ya kinywa kama adui na kuipiga. Ni kama mbwa mwema wa nyumbani, siku moja usiku anauma mutoto wa bwana wake. Mbwa si mubaya, na mutoto hakukosa kitu. Sababu yote ya kosa lile waganga hawajaipata, lakini jambo moja ni hakika: hakuna kidudu cha kuhamia kwa mutu mwingine.

Tafazali soma neno hili mara mbili, kwa sababu ndilo linaleta machozi mengi kupita vidonda vyenyewe. Tuseme kuna mama mumoja anaishi upande wa gare. Kinywa chake kinauma, anakonda. Wifi yake anamuwekea sahani yake pembeni na kikombe chake pembeni. Mwingine anasema kwa sauti ya chini, "Ile ni sida." Wa tatu anasema kuna mutu alimutilia sumu ndani ya munkoyo, na franka za shule ya watoto zinaenda kwa mulozi wa kijiji kingine. Mama yule akifika hospitali anasema: "Munganga, kinwa inawaka sawa pilipili, na batu ba kwetu banakataa kukula na miye." Wote watatu wamekosa. Likeni haiambukizi kwa kijiko, kwa kikombe, wala kwa kulala pamoja na bwana. Si sumu. Na si sida. Ni kweli mugonjwa wa sida anaweza kupata weupe ndani ya kinywa, lakini ule, mara nyingi, ni utando kama maziwa yenye kuganda, unatoka ukiupangusa, na una dawa yake. Kama una mashaka, uombe kupimwa damu, ni kazi ya dakika chache. Kiisha rudi kula sahani moja na watu wako.

Sasa tuje kwa chakula. Kwanza ukweli: hakuna chakula kilikuletea likeni, na hakuna chakula kitaifukuza. Mutu akikuuzia majani ya kuimaliza, bakisha franka zako. Kazi ya chakula hapa ni mbili: kisikuchubue, na kikupe nguvu. Watu wanashika ile ya kwanza na kusahau ya pili. Wanaacha pilipili, wanaacha nyanya, wanaacha samaki, wanaacha maharagi, mwisho wanabaki na chai na bukari kidogo. Mwili unakosa chuma na vitamini, na mutu mwenye kukosa hivyo, ulimi wake unakuwa mwekundu na kuchubuka hata bila likeni. Sasa ana magonjwa mawili ndani ya kinywa kimoja. Kwa hiyo usiulize tu, "Niache nini?" Uliza, "Nipike namna gani?"

Adui wa kwanza anajulikana: pilipili. Najua, kwetu samaki bila pilipili watu wanaona kama muchuzi wa mugonjwa. Basi usiipike ndani ya chungu. Isage pembeni, uiweke ndani ya kisahani, kila mutu ajitilie. Hivi mugonjwa hatapikiwa chungu chake peke yake, na hakuna atakayenungunika. Fanya vilevile na ndimu. Makayabu ina chumvi nyingi. Uilowanishe usiku wote, ubadilishe maji, na kama ingali inauma, uiache. Embe bichi na chumvi, hapana kabisa.

Bukari si adui. Wengi wanaisingizia. Kinachochoma ni moto wake: inatoka kwa jiko, mutu ana njaa, anaitia ndani ya kinywa hapohapo. Ingoja ipoe mpaka iwe vuguvugu, lakini uifunike, kwa sababu ikipoa wazi inafanya ngozi ngumu kwa juu na ngozi ile inakwangua. Ipike laini kidogo kupita desturi. Kata vipande vidogo. Chai na uji ni vilevile, vinyweke wakati kikombe hakichomi mukono.

Kwa mboga, Mungu ametusaidia, kwa sababu mboga zetu nyingi ni laini. Sombe yenye kutwangwa vizuri na kupikwa muda mrefu, na mafuta na kalanga za kusaga, inapita bila kuumiza, na ina nguvu. Lengalenga na matembele ni vilevile. Gombo ndiyo rafiki mukubwa: ule utelezi wenye watoto wengine wanakataa, kwa kinywa chenye vidonda ni kama mafuta. Siku uchungu ni mukali, pika gombo, uchovye bukari laini ndani yake, na utaweza kula. Nyanya inawaumiza wengine na wengine hapana; kama inakuumiza, fanya muchuzi na kitunguu chenye kuiva sana na kalanga, ao na maboga.

Samaki ya ziwa letu inunue mbichi, uichemshe, utoe mifupa kwa mikono mbele ya kula. Ile ya kukaanga inapendeza, lakini ngozi yake ngumu inakata kama kipande cha chupa. Kapenta zinafaa, zina nguvu sana, ila vichwa vyake vikavu vinachoma ufizi. Zilowanishe kwa maji ya moto, kiisha zisage ao uzitwange ziwe unga, utie unga ule ndani ya sombe. Vinkubala vikavu vifanye vilevile. Kalanga za kukaanga usizitafune nzima. Zitwange, utie ndani ya uji wa watoto na wako. Maharagi uyaponde. Mayai, avoka, papai yenye kuiva, ndizi: kula bila woga. Mahindi ya kuchoma na miwa, waachie wenye kinywa kizima.

Munkoyo? Ya siku ya kwanza, ikingali tamu, wengi wanaivumilia. Ya siku ya tatu, yenye uchungu wa asidi, itakuamusha usiku. Lutuku hapana, na tumbako hapana, ya kuvuta wala ya kunusa wala ya kutafuna. Hapo sisemi juu ya kuwaka tu, nitaeleza chini.

Kila kinywa kina adui wake. Ni kazi yako kumutambua. Chukua kitabu cha mutoto chenye karatasi zimebaki, uandike kila siku: nilikula nini, uchungu ulikuwa kidogo ao mwingi. Acha kitu kimoja tu, majuma mawili. Kama hakuna kimebadilika, ukirudishe na ujaribu kingine. Ukiacha vitu 5 siku moja na ukapata nafuu, hautajua ni kipi kilikusaidia, na vinne utavikosa bure.

Usafi wa kinywa ni sehemu ya chakula. Ufizi unatoa damu, mutu anaogopa, anaacha kupiga muswaki; uchafu unakaa, ufizi unazidi kuwaka. Chagua muswaki laini, uloweke kwa maji ya vuguvugu, piga polepole asubuhi na mangaribi. Dawa ya meno yenye povu nyingi inawaumiza wengi: tia kidogo sana, ao tumia maji tu. Kiisha kula, sukutua na maji safi yenye nusu kijiko kidogo cha bikarbonati ndani ya kopo moja, uteme. Usisukutue na ndimu na chumvi. Usiweke aspirini juu ya kidonda. Inachoma nyama na kufanya kidonda cha pili. Nimeona hata watu wanasugua na makaa. Makaa ni ya jiko.

Kwa dawa: wakati vidonda ni vibaya, muganga anaweza kukupa dawa ya kutuliza wale askari wa mwili, mara nyingi ya kusukutua na kutema. Wengine watasema, "Si ni dexa tu? Iko kwa soko." Ni ukoo mumoja, ndiyo, na vidonge vya dexa ndivyo wamama wengine wanameza ili wanenepe. Ndugu yangu, kuimeza bila kipimo kunapandisha sukari ya damu na tansio, kunalegeza mifupa na kufungulia mulango magonjwa mengine. Na kuiacha gafula kisha kuimeza siku nyingi kunaweza kuua. Hata ile ya kusukutua inaweza kuleta utando mweupe wa kuvu. Kwa hiyo uipate kwa hospitali, na kipimo chake. Tena kuna dawa nyingine, kama zile za tansio, za maumivu ao za malaria, zenye kuweza kuleta vidonda vyenye kufanana na likeni. Usiziache kwa kichwa chako. Zilete uulize.

Na sasa lile neno la tumbako na lutuku. Kati ya wagonjwa 100 wa likeni ya kinywa, karibu mumoja anaweza, kisha miaka, kupata kansa mahali palepale. Ni kidogo, wengine wote hawataipata. Lakini tumbako na pombe kali vinaleta kansa ya kinywa hata kwa mutu asiye na likeni, kwa hiyo usiviongeze juu yake. Na uje kuangaliwa mara moja ao mbili kila mwaka, hata kama hauumwi. Kansa yenye kuonwa ikiwa ndogo kama punje ya mahindi inakatwa. Ile mutu aliificha mwaka muzima ni taabu nyingine.

Usingoje siku ya kuangaliwa kama kidonda kimoja kimepita majuma mawili bila kupona, ao kimekuwa kigumu ukikishika, ao kinatoa damu bila kuguswa, ao ulimi unakufa ganzi. Njoo upesi pia kama malengelenge yanatoka juu ya ngozi ya mwili, kwa sababu huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine, mukali kupita huu. Kama unapata shida kumeza, sema. Wamama, likeni inaweza kushika pia sehemu za siri. Usione haya, mwambie sista ao muganga. Pengine watakata kipande kidogo cha nyama ya kinywa ili kichunguzwe, ao kukutuma Likasi ao Lubumbashi. Kukata kule hakuenezi ugonjwa, hata kama watu wanasema hivyo.

Siku ya kuja, leta kitabu chako cha chakula na pakiti zote za dawa unazomeza, hata zile za kienyeji. Na asubuhi ile usipake dawa ya buluu ndani ya kinywa: inafunika mistari yote, na muganga ataona rangi tu.