Je, Wajua? Mwezi wa Ubuntu Haubahatishwi

Windows Vista ilitarajiwa mwaka 2003. Watu wakabashiri weee, hadi ikafika madukani Januari 2007. Mfumo endeshi wa Ubuntu hauna fumbo hilo: tangu toleo la 4.10 la Oktoba 2004, namba yenyewe ndiyo mwaka na mwezi. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024. Hata mwaka 2006, toleo lililopangwa kutoka Aprili lilisogezwa hadi Juni ili likamilishwe vizuri, likaitwa 6.06.

Kwa wanafunzi wa Lubumbashi wanaonunua intaneti kidogo kidogo, kutobahatisha mwezi ni jambo kubwa. Faili la 24.04 lina zaidi ya gigabaiti 5. Wakijua mwezi mapema wanachangishana, mmoja anapakua, wengine wananakili kwa flashi, na kunakili huko ni halali kabisa.