Mabahili na wafujaji wa naitrojeni

Protini yoyote ina naitrojeni, wastani wa asilimia 16 ya uzito wake. Mnyama akishashiba protini inayomtosha, ziada haina ghala mwilini: kwa mamalia, ini huigeuza naitrojeni yake kuwa yurea na figo zikaitoa kwa mkojo. Hapo ndipo wanyama wanapotofautiana tabia. Rekodi zao ni hizi, tukianzia Handeni.

Bahili namba moja. Nampa mbuzi wa kienyeji wa Handeni, na wenye ngamia waninunie wakitaka. Ifikapo Septemba, kabla ya mvua za vuli, nyasi za huko ni mabua matupu, na protini ghafi yake inaweza kushuka chini ya asilimia 7. Chini ya hapo bakteria wa tumbo la kwanza huona njaa. Wakidhoofika wao, nyasi hazimeng'enywi, na mnyama hupunguza kula ingawa malisho bado yapo. Mbuzi anazo mbinu mbili. Ya kwanza ni kuchagua: husimama kwa miguu ya nyuma akachuma majani na maganda ya migunga, yenye protini kuliko mabua. Ya pili huioni kwa macho. Sehemu kubwa ya yurea iliyotoka kwenye ini haiendi kwenye mkojo, bali hurudi tumboni kwa njia ya mate na kupitia ukuta wa tumbo lenyewe. Bakteria huivunja kuwa amonia, wakajijenga kwayo, kisha nao wakameng'enywa huko mbele na kuwa protini ya mbuzi. Chakula kikizidi kuwa duni, figo nazo huibana yurea isitoke. Ng'ombe na kondoo hufanya vivyo hivyo. Ngamia kawatangulia kwa sifa tu: mwaka 1957 Bodil Schmidt-Nielsen na wenzake walichapisha jinsi yurea inavyopungua mno kwenye mkojo wake anapolishwa protini kidogo.

Mfujaji namba moja. Paka. Ini lake huendelea kuvunja protini kwa kasi hata chakula kikipungua, kwa hiyo hawezi kuishi kwa ugali. Mwaka 1978 Morris na Rogers, watafiti huko Marekani, walionyesha kwamba mlo mmoja usio na arginini, kiungo kimoja cha protini, unatosha kumjaza paka amonia kwenye damu ndani ya saa chache.

Protini nyingi kuliko zote, kwenye karatasi. Ni yurea, ile ile ya mbolea. Ina naitrojeni asilimia 46; ukizidisha kwa 6.25, kama maabara za vyakula vya mifugo zifanyavyo, unapata "protini" asilimia 287. Majani ya lusina, mti wa malisho, kwa kawaida hayafiki hata 30. Hesabu ni sahihi, lakini protini yenyewe haimo hata chembe. Kinachofanya kazi ni bakteria wa mnyama anayecheua, tena wakipewa na kitu cha kuwatia nguvu, kama molasi au pumba. Kuku na nguruwe hawaambulii kitu. Ng'ombe mwenye njaa akiufikia mfuko ulioachwa wazi, amonia inaweza kumuua siku hiyo hiyo.

Wingi mkubwa, protini haba. Mabaki ya mkonge, Korogwe. Katika jani zima, nyuzi ni kama asilimia 4. Mengine yote ndiyo mabaki. Ng'ombe huyala, lakini bila lusina au mashudu pembeni hushiba pasipo kunenepa. Wenye mkonge wa Hale waliona afadhali kuyageuza gesi ya kuzalisha umeme.

Samaki wa ajabu kuliko wote. Samaki wengi hutoa naitrojeni kama amonia, ikayeyukia majini. Perege wa Ziwa Magadi, Kenya, anaishi kwenye maji ya magadi makali, pH karibu 10, ambamo amonia haitoki mwilini kwa urahisi. Yeye hutoa yurea tupu.

Chura asiyekojoa kama chura. Chura wa viota vya mapovu, *Chiromantis xerampelina*, anayepatikana pwani ya Afrika Mashariki, hutoa asidi ya yuriki kama ndege, akaokoa maji.

Rekodi ya mwisho ni ya mfugaji mwenyewe. Ingia bandani alfajiri. Harufu ya amonia ikikuwasha macho, usafi ukague, lakini na pishi ya mashudu ichunguze: huenda protini unayoinunua inaishia sakafuni. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe au mbuzi, kwa sababu ina sumu ya mimosini. Yurea usiiguse kabla hujamwona afisa mifugo wa kata.