Ukitumiwa dodoso la utafiti kwenye kundi, uliza kwanza

Huenda na wewe umo kwenye kundi la WhatsApp au Facebook la watu mnaofanana kwa jambo fulani. Wapo wazazi wanaolea watoto wenye usonji, wapo walioacha kabisa kula nyama, wapo waliochagua kujifungulia nyumbani, wapo wanaotumia dawa za asili tu. Siku moja inaingia linki: mwanafunzi wa chuo kikuu anaomba dakika kumi zako ujaze dodoso lake. Baadhi yenu mnajaza bila kusoma maelezo. Miezi kadhaa baadaye matokeo yanarudi kundini yakiwa habari kubwa: "Utafiti wabaini..."

Wiki hii tuangalie mambo mawili: namna ya kulinda siri zako kabla ya kujaza, na namna ya kuyapima matokeo kabla hujabadilisha dawa au chanjo ya mwanao.

Kisa cha Marekani

Mwaka 2017 ulichapishwa nchini Marekani utafiti uliolinganisha afya ya watoto waliochanjwa na wasiochanjwa. Watafiti hawakuwapata watoto hao hospitalini. Walipitia vyama vya wazazi wanaofundisha watoto wao nyumbani badala ya kuwapeleka shule, katika majimbo manne: Florida, Louisiana, Mississippi na Oregon. Wanachama walitumiwa linki, na akina mama 415 wakajaza habari za watoto 666 wenye umri wa miaka 6 hadi 12. Matokeo yakadai kwamba waliochanjwa walikuwa na matatizo zaidi, usonji ukiwemo. Mwaka mmoja kabla, muhtasari wa utafiti huo ulikuwa umeondolewa na jarida jingine baada ya wanasayansi kuukosoa.

Kasoro yake ilikuwa wapi? Kwanza, waliojaza walijichagua wenyewe. Mzazi anayeamini chanjo ilimdhuru mwanawe ana hamu ya kujaza kuliko mzazi ambaye watoto wake hawana tatizo. Pili, dodoso halikuwa na majina, hivyo majibu ya akina mama hayakuweza kulinganishwa na mafaili ya hospitali. Tatu, familia zinazokataa chanjo mara nyingi hazipeleki watoto kwa daktari mara kwa mara, na mtoto asiyepimwa hawezi kuandikiwa ugonjwa hata kama anao. Ukiwahesabu kwa karatasi, ataonekana mzima.

Linganisha na Denmark. Mwaka 2019 watafiti wa huko walitoa matokeo ya watoto 657,461 waliozaliwa kati ya 1999 na 2010, wakitumia kumbukumbu za taifa za chanjo na magonjwa. Hapakuwa na linki wala watu wa kujitolea. Waligundua kuwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella haiongezi hatari ya usonji.

Usidhani siri ni ukubwa wa idadi peke yake. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya kura za maoni zaidi ya milioni mbili, likatabiri kuwa Rais Franklin Roosevelt angeshindwa uchaguzi. Akashinda majimbo 46 kati ya 48. Waliokuwa wameulizwa na waliojibu hawakufanana na wapiga kura wote.

Si kila dodoso ni baya

Kuna watu ambao mtafiti hawezi kuwapata kirahisi pengine popote isipokuwa kwenye makundi yao. Baada ya Uviko-19 kuingia, wagonjwa ambao dalili zao hazikuisha walikutana mtandaoni, wakatengeneza dodoso wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikusanya majibu ya watu 3,762 kutoka nchi 56, yakawasaidia madaktari kuzijua dalili ambazo hawakuwa wakiziuliza. Dodoso la kundi linaweza kutueleza watu wanapitia nini. Haliwezi peke yake kutuambia ni wangapi katika nchi wanaugua, wala kitu gani kimesababisha ugonjwa.

Kabla hujajaza

Uliza maswali haya, na mtafiti wa kweli atakujibu bila kukasirika.

1. Wewe ni nani na chuo gani? Awepo msimamizi unayeweza kumpigia simu chuoni.

2. Kamati gani ya maadili imeupitia utafiti huu? Hapa Tanzania kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya iko chini ya NIMR, na vyuo kama MUHAS vina kamati zao. Omba namba ya kibali.

3. Majibu yangu yatawekwa wapi na nani atayaona? Kuondoa jina hakutoshi. "Mama wa mapacha wenye selimundu, mwalimu, Kigoma" hana jina hapo, lakini jirani zake watamjua. Ukiona dodoso linataka namba ya simu, wilaya, kazi na hali yako ya VVU kwa pamoja, uliza kila kimoja kinahitajika kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

4. Naweza kuacha katikati? Lazima uweze, bila kudaiwa sababu. Vocha ya shukrani si kosa, lakini isiwe kubwa kiasi cha kukufanya ujibu usichotaka kusema.

5. Admini ameruhusu? Ruhusa yake ni ya kuweka linki tu. Ridhaa ya kujibu ni yako peke yako. Mtu anayejiunga akijifanya mgonjwa, kisha ananakili mnayoandika, amewavunjia heshima hata kama ana kitambulisho cha chuo.

Kwa habari za mtoto, mzazi ndiye anayeridhia, lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe. Siku moja atakuwa mtu mzima, na siri uliyoitoa ni yake.

Matokeo yakirudi kundini

Tazama waliojibu walipatikanaje, nani alithibitisha majibu yao, na kama linki ilikuwa wazi kiasi kwamba mtu mmoja angeweza kujaza mara tano. Soma pia maswali yenyewe. "Mwanao alipata madhara gani baada ya chanjo?" ni swali lililokwisha kujijibu.

Kama habari bado inakutia hofu, usiache dawa wala usiruke tarehe ya chanjo. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, nenda nayo kituo cha afya, muoneshe mhudumu ulichosoma na umuulize juu ya mwanao mwenyewe.