Vikaragosi vya Gazeti na Vikaragosi vya Senema

Neno kikaragosi ni la zamani katika Kiswahili, na siku hizi husikika kwa nadra. Wengi husema katuni, neno lililotoka katika Kiingereza, au kibonzo, ambalo limeshika sana Tanzania. Kikaragosi chaweza kuwa sanamu ya mtu inayochezeshwa kwa mkono, au picha ya mtu iliyochorwa kwa kumrefusha pua na kumfupisha miguu ili watazamaji wacheke. Kwa maoni yangu asili yake ni Karagöz wa Waturuki, yaani “jicho jeusi”, jina la mhusika mkuu katika mchezo wao wa vivuli. Katika mchezo huo picha za ngozi zilizotiwa rangi huchezeshwa nyuma ya kitambaa kinachoangazwa na taa, na mtu mmoja aliyejificha huwasemea wote kwa sauti mbalimbali. Karagöz ni mtu wa mtaani asiye na elimu. Mwenzake, Hacivat, hupenda maneno makubwa. Daima hugombana, wala hawaachani.

Nimetangulia na neno hili kwa kuwa makala haya yahusu filamu fupi za kuchekesha zilizotokana na vikaragosi vya magazeti, nami sioni neno jingine linalozifaa zaidi. Katuni hutuambia tu kwamba kitu kimechorwa. Kikaragosi hutukumbusha kwamba kinachezeshwa, na kwamba yuko mtu wa kukisemea. Tutaona kuwa jambo hilo la pili ndilo lililowashinda wengi.

Mfano ulio bora ni Mutt na Jeff. Mwaka 1907 Bud Fisher alianza kumchora Mutt katika gazeti la San Francisco Chronicle huko Marekani: mtu mrefu, mwembamba, mwenye uraibu wa kamari ya farasi. Mwaka 1908 akamwongezea Jeff, mfupi mwenye upara, ambaye Mutt alikutana naye katika nyumba ya wenye wazimu. Tangu hapo hawakutengana. Mwaka 1916 wakaingizwa katika filamu za kuchorwa, na kwa muda wa miaka kama kumi zikatolewa filamu zaidi ya 300, ambazo nyingi zimepotea. Kazi yenyewe ilianzishwa na Charles Bowers pamoja na Raoul Barré, mtu wa Kanada, ingawa jina lililotangazwa mbele ya watazamaji lilikuwa la Fisher.

Ugumu wa kazi hiyo yafaa uelezwe kwa hesabu. Filamu ikipita kwa mwendo wa picha 24 kila sekunde, mwendo uliokuwa wa kawaida baada ya senema kupata sauti, dakika 6 zahitaji picha 8,640. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, bado mchoraji hana budi kutoa michoro 4,320. Winsor McCay, aliyemtoa Little Nemo gazetini na kumweka katika filamu mwaka 1911, alichora michoro ipatayo 4,000 kwa dakika chache tu. Barré alitoboa karatasi zake matundu na kuzikaza katika vijiti, ili kila mchoro ukae mahali pale pale pa mchoro uliotangulia. Earl Hurd naye aliomba hataza mwaka 1914 kwa njia ya kuchora watu juu ya karatasi angavu ya selulosi, nyumba na miti ikibaki chini yake bila kuchorwa tena.

Miguu ikapata mwendo, lakini ulimi ulikuwa na shida yake. Gazetini maneno ya mhusika huandikwa ndani ya duara juu ya kichwa chake, na msomaji huyasoma kwa kasi aitakayo, hata akirudia mara tatu. Wachoraji wa kwanza waliyahamisha maduara hayo kama yalivyo katika filamu. Matokeo yake, mtu aliyekuwa akikimbia husimama ghafula, maneno yakatokea, ukumbi wote ukasoma, kisha mbio zikaendelea. Kicheko hakivumilii kungojeshwa hivyo.

Aliyeumia zaidi ni Krazy Kat wa George Herriman. Paka huyo gazetini alisema Kiingereza cha peke yake, kilichochanganya matamshi ya mitaani na maneno ya kishairi, na utamu wa hadithi nzima ulikuwa humo. Filamu zake zilianza mwaka 1916, na kufikia miaka ya 1930 alikuwa amefanywa paka mchangamfu wa kawaida, aliyefanana na Mickey Mouse kuliko nafsi yake mwenyewe. Popeye, baharia wa E. C. Segar aliyetokea gazetini mwaka 1929, alipata bahati njema. Aliingia senema mwaka 1933 katika karakana ya Fleischer, na tangu 1935 Jack Mercer akamsemea kwa kunong’ona na kunung’unika, mengine akiyabuni papo hapo mbele ya kipaza sauti. Hayo hayakuwamo gazetini hata kidogo. Hata hivyo ndiyo yaliyomfanya Popeye wa senema awe mtu kamili.

Katika Afrika Mashariki mambo yalianza kwa namna nyingine. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, zilitengenezwa filamu za mafunzo kwa Waafrika, kama ile ya ugonjwa wa safura, na maneno ya Kiswahili yakatiwa katika sahani za santuri. Baadaye William Sellers, mkuu wa idara ya filamu ya serikali ya Kiingereza kwa makoloni, alishikilia kwamba mtazamaji wa kijijini hawezi kufuata mbinu za senema, na kwamba hapana budi apewe picha za polepole zisizo na ujanja. Rai hiyo haina msingi. Watu waliozoea hadithi za Sungura hawashangai mnyama akivaa kofia.

Tena, magazeti yetu yenyewe yalikuwa na watu wao wa kuchekesha. Katika gazeti la Uhuru, kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, Christian Gregory alimchora Chakubanga. Na huko Nairobi Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miaka mingi katika Taifa Leo. Jina hili la pili lina ladha ya pekee likisomwa Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Malawi inapoiacha barabara kuu iendayo Zambia. Kwa Kichewa na Kibemba kalulu ni sungura. Kwa hiyo msafiri wa huko husoma katika jina moja mpumbavu na mjanja.

Itakuwaje basi mtu akitaka kuwatia watu kama hawa katika filamu? Ucheshi wao umo zaidi katika kauli kuliko katika mwendo. Ukiwapa Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari, umewaua kama Krazy Kat alivyouawa. Ukimpa juha matamshi ya mtu wa Nyanda za Juu Kusini, mathalani yule asiyetofautisha r na l, wa pwani watacheka sana, na wa Uyole pia huenda wakacheka, lakini kwa sababu tofauti. Hapa ndipo penye hatari. Mngoni humtania Mhehe, na utani huo una kumbukumbu ya vita vyao vya karne ya 19. Lakini Mhehe yupo hapo, naye hujibu. Mtani asiyeweza kujibiwa si mtani, ni mtukanaji. Filamu haisikii majibu.

Wafasiri wa vibanda vya video wamelikabili jambo hili bila kusubiri wataalamu. Tangu televisheni na kanda za video zienee katika miaka ya 1990, watu kama Lufufu wa Dar es Salaam wamezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakimsemea kila mhusika kwa sauti yake na kuwatia majina na mitaa ya hapa. Msimulizi akiwapo mwenyewe kibandani, watazamaji humrudishia maneno, naye huyachukua na kuyatia kinywani mwa mhusika anayefuata, kama afanyavyo yule mtu aliyejificha nyuma ya kitambaa cha Karagöz.