Uzito si joto: kuchagua duveti la msafiri

Ulizia duveti la safari kwenye mitumba ya Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, na sifa ya kwanza utakayotajiwa ni uzito. "Shika mwenyewe, dada, uone lilivyo zito. Hapa baridi haipiti." Muuzaji anasema anachokiamini, na wengi wetu tunaamini hivyohivyo tangu enzi za blanketi za bweni. Lakini kwa anayepanda basi, bodaboda na boti akiwa na begi moja tu mgongoni, uzito huo ni mzigo wa bure. Kinachompa mtu joto akilala ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Kazi ya nyuzi ni kuizuia isitembee. Duveti la kilo mbili ambalo pamba yake imeshagandamana linaweza kushindwa na la gramu mia sita lililofura vizuri.

Yupo atakayeuliza duveti la nini katika nchi za joto. Kwa Mombasa au Unguja mwezi wa Februari hajakosea: kanga moja inatosha, na usiku wa manane hata hiyo utaisukuma pembeni. Ila safari zetu haziishii pwani. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama sita hivi. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa anapanda zaidi ya mita 1,500, na wa Mombasa kwenda Nairobi anapanda zaidi ya hapo, wote ndani ya siku moja na wakiwa na nguo zilezile. Wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, usiku wa Dar unashuka hadi karibu nyuzi 19, wa Nairobi na Arusha unakaribia 12, na Mbeya ni baridi zaidi. Halafu kuna baridi ya kutengenezwa na binadamu. Tangu Tanzania iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, mwaka 2023, watu wengi wanalala kwenye kiti chini ya kiyoyozi ambacho kondakta hakipunguzi hata abiria wakilalamika. Waliowahi kupanda meli ya usiku kati ya Mwanza na Bukoba wanaujua upepo wa ziwa saa kumi za alfajiri.

Kwa hiyo tunatafuta kitu cha usiku wa nyuzi 12 hadi 20, kinachoingia kwenye begi bila kulijaza, na ambacho mwanafunzi au mwalimu aliye likizo anaweza kukinunua. Kwa kiwango hicho sioni kinachoshinda duveti jepesi lililojazwa nyuzi za poliesta.

Manyoya ya bata yana heshima yake, na sitaki kuyapunja. Kwa uzito uleule yanatoa joto zaidi, yanabanwa yakawa kidogo kabisa, na yakitunzwa yanadumu miaka mingi. Ila bei yake ni mara kadhaa ya poliesta, na yakilowa yananywea. Hewa inatoka na joto linaondoka nayo. Fikiria unyevu wa pwani, jasho la msafiri, na mvua ya masika inayopenya kwenye buti la basi. Poliesta hainyonyi maji. Unaikamua, unaianika juani asubuhi, na kama jua ni la kweli unajifunika nayo usiku uleule. Ndiyo maana jeshi la Marekani, lilipopeleka askari kwenye misitu yenye joto na mvua ya Vietnam, liliwapa shuka la nailoni lililojazwa poliesta badala ya begi zito la kulalia. Shuka hilo linatumika hadi leo.

Na kwa nini duveti, si begi la kulalia lenye zipu? Kwa sababu ujazo unaolaliwa umebanwa na mwili, hauna hewa, kwa hiyo hauna joto. Mhandisi na mpanda milima Mmarekani Ray Jardine aliisambaza hoja hiyo kwa wasafiri wa miguu katika miaka ya 1990: ondoa mgongo wa begi, ondoa zipu, baki na kifuniko cha juu. Kinachobaki ni chepesi na cha bei nafuu, na usiku wa joto unatoa mguu mmoja nje bila kupigana na chochote. Sharti lake ni kwamba huku chini lazima uwe na kitu. Kwenye godoro la gesti huna shida. Kwenye sakafu ya saruji mkeka wa ukindu peke yake hautoshi. Weka kipande cha sponji chini yake, la sivyo baridi itakuingia kwa mgongoni na utalilaumu duveti bure.

Sasa twende sokoni, maana hapa ndipo fedha inapopotea au kuokolewa. Maduveti ya mtumba yanayotoka Uingereza mara nyingi yana lebo yenye neno tog na namba. Hicho ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia joto lisitoke, na kilibuniwa Manchester katika miaka ya 1940. La majira ya joto huwa 4.5 au chini yake. La baridi kali hufika 13.5. Wewe chukua la 4.5. Wauzaji wengi hawaiangalii namba hiyo, wanaangalia unene, na duveti jembamba linauzwa kama lisilo na thamani. Nafasi yako ni hiyo hapo.

Ukishalipata, usitazame ujazo kabla ya kutazama kitambaa cha nje. Watu wengi hawajui kuwa kwa duveti jepesi kitambaa kinaweza kuwa kizito kuliko kilichomo ndani. Chukua duveti la mtu mmoja, sentimita 135 kwa 200. Likiwa na ujazo wa gramu 100 kwa mita ya mraba, poliesta yote iliyomo ni gramu 270. Kitambaa chake, juu na chini, ni mita za mraba 5.4. Kikiwa cha pamba ya gramu 120 kwa mita, peke yake ni karibu gramu 650! Mpelekee fundi cherehani, akivue kitambaa hicho na kushona bitana nyepesi ya gramu 60 kwa mita, nawe utakuwa umepunguza zaidi ya gramu 300 bila kupoteza joto. Bitana iwe ya kufumwa, si yenye plastiki. Iweke mdomoni upulize: pumzi ipite kwa shida, lakini ipite. Isiyopitisha kabisa itakulowesha jasho.

Kazi hiyo inafaa tu kama ujazo ni tandiko moja lililoshikana. Poliesta ya mafundo yaliyolegea itakimbilia pembeni mara kitambaa kinapofunguliwa. Kulijua ni rahisi: linyanyue dhidi ya jua utazame. Ukiona mabaka ya mwanga, hapo hakuna kitu. Kisha libane kwa mikono miwili, hesabu hadi kumi, uachie. Zuri linafura tena mbele ya macho yako. Lililochoka linabaki limelala. Na omba mizani kwa muuza nafaka wa jirani. Kwa usiku wa kawaida wa safari zetu, likizidi kilo moja liache.

La watu wawili, mita 2 kwa 2, lisikutishe. Fundi analipunguza likawa na upana wa sentimita 130, na kile kipande cha 70 kinakuwa cha magotini kwenye basi. Mwambie atie vifungo vinne upande wa miguuni, uweze kulifunga likawa mfuko unapohitaji.

Shuka la Kimasai nalipenda na nalibeba, ila upepo unapita katikati ya nyuzi zake; kwenye meli linahitaji kitu juu yake. Kikoi ni rafiki bora wa duveti: jifunike hicho kwanza, kinyonye jasho, ukifue peke yake. Na kama safari itakufikisha Njombe mwezi wa Julai, au kupiga kambi ukingoni mwa Ngorongoro, duveti hili halitoshi lenyewe. Lala na soksi, sweta na kofia, au kodi la kuongezea hukohuko.

Lifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Pasi isiliguse, na dawa ya mbu ya kuchoma ikae mbali nalo, kwani cheche moja inatoboa bitana papo hapo. Ukifika nyumbani litoe kwenye mfuko siku hiyohiyo, ulitundike au ulikunje kwa kulegeza. Kubanwa kwa miezi ndiko kunakoiua poliesta kuliko safari zenyewe. Hata hivyo itachoka. Siku ukilibana likakataa kufura, mpelekee fundi alikate matakia, urudi Karume kutafuta jingine lenye namba 4.5.