"Haisomi": Juu ya Kompyuta za Nyumbani za Awali, Vifaa Vyake, na Neno Draiva

Katika steshenari za Mbeya na Iringa, watu wanakopeleka karatasi zao zinakiliwe na kupigwa chapa, neno moja husikika mara kwa mara: "Haisomi." Mwenye duka ameunganisha printa na kompyuta, umeme upo, waya ni mzima, taa zinawaka, lakini karatasi haitoki. Atasema, "Kompyuta haisomi printa," na fundi aliyeitwa atajibu, "Draiva yake haipo." Maneno haya mawili yafaa kuchunguzwa na mtu wa lugha. La kwanza lina maelezo sahihi kuliko tunavyodhani. La pili bado halijapewa mahali pa kukaa katika istilahi zetu, na upungufu huo, kama tutakavyoona, waweza kumletea mtu hasara ya kweli. Ili kuyapima yote mawili yatupasa kueleza kwanza jinsi kompyuta za nyumbani za mwanzo, na mifumo endeshi iliyozifuata, zilivyovitumia vifaa vyake.

I. Kifaa ni anwani

Kompyuta kwa asili yake haijui printa wala kibodi. Sehemu yake ifanyayo hesabu, yaani prosesa, yajua mambo machache tu: kuchukua namba mahali penye anwani fulani, kuigeuza, na kuiweka mahali pengine. Kwa hiyo kila kitu cha nje hakina budi kuwakilishwa kwa namba na anwani. Katika Apple II, iliyoanza kuuzwa mwaka 1977, prosesa ya 6502 haikuwa na amri ya pekee ya kusemea na vifaa, basi vifaa viligawiwa anwani miongoni mwa zile za kumbukumbu. Kipaza sauti kilikuwa katika anwani 49200. Kila programu ilipoigusa anwani hiyo, kipaza sauti kilitoa mlio mmoja mfupi. Aliyetaka muziki aliigusa mara nyingi sana kwa nafasi zilizopimwa.

ZX Spectrum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1982, ilifuata njia nyingine. Prosesa yake ya Z80 ilikuwa na milango ya vifaa iliyotengwa na kumbukumbu, na mlango namba 254 peke yake ulishughulikia kibodi, kaseti, mlio, na rangi ya ukingo wa picha katika televisheni. Katika Spectrum ya kilobaiti 48, anwani 49200 ni mahali pa kawaida pa kuwekea namba, wala hapana mlio wo wote utokao hapo. Msomaji ataona mara moja kwamba uhusiano wa anwani na kifaa ni wa mapatano tu, kama ulivyo uhusiano wa neno na maana. Sauti zile zile zaweza kuwa neno katika lugha moja na kelele tupu katika lugha nyingine. Ndivyo na 49200.

II. Nani ajuaye lugha ya kifaa?

Kutokana na hayo lilizuka swali ambalo kila mbuni alilazimika kulijibu: ujuzi wa kusema na kifaa ukae wapi? Majibu yalikuwa matatu.

Jibu la kwanza ni kwamba kifaa kije na ujuzi wake. Chombo cha diski cha Apple II kilichotoka mwaka 1978 kilikuwa na kadi iliyobeba programu ya kudumu ya baiti 256, iliyotosha kuiamsha diski. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikwenda mbali zaidi: chombo chake cha diski, 1541, kilikuwa na prosesa yake chenyewe, kwa hakika kompyuta ya pili ndani ya sanduku. Mashine kubwa ilivitambua vifaa kwa namba, kibodi 0, kaseti 1, kiwambo 3, printa 4, diski 8. Ilimwita namba 8, ikamtajia jina la faili, na yeye akatafuta mwenyewe.

Jibu la pili ni kwamba ujuzi huo ukae kwa mtengenezaji wa mashine. Gary Kildall, aliyeanza kutunga mfumo endeshi wa CP/M mwaka 1974, alikuja kukusanya mambo yote yahusuyo vifaa katika sehemu moja ndogo. Katika toleo la 2.2 sehemu hiyo ilikuwa na milango 17 tu: soma herufi kutoka kibodi, andika herufi katika kiwambo, soma fungu la diski, na kadhalika. Mtengenezaji aliandika upya sehemu hiyo peke yake, na mfumo uliobaki, pamoja na programu zake, ukaendelea kama ulivyokuwa.

Jibu la tatu, lililoleta taabu kubwa, ni kwamba kila programu ijitegemee. Chini ya mfumo wa MS-DOS, programu ya kuandikia ya WordPerfect ilibeba maelezo yake yenyewe ya printa nyingi, na michezo ilibeba maelezo ya kadi za sauti kama Sound Blaster ya mwaka 1989. Hapa hesabu yafaa. Ikiwa pana programu 5 na printa 6, na kila programu yataka kujua kila printa, zahitajika tafsiri 30. Lakini ikiwa kila programu yajua lugha moja ya mfumo, na kila printa ina mkalimani mmoja wa kuiunganisha na lugha hiyo, zahitajika 11 tu.

Wakazi wa Nyanda za Juu za Kusini hawana haja ya kuelezwa zaidi. Wenye Kisafwa, Kinyakyusa, Kisangu, Kihehe, Kibena na Kikinga, lau wangetaka kila kundi lijue lugha ya kila jingine, wangekuwa na jozi 15 za kujifunza. Kwa Kiswahili kila kundi hujifunza lugha moja tu ya ziada. Mfumo endeshi, kwa upande huu, ni lugha ya sokoni.

III. Mkalimani aletwaye kutoka nje

Mkalimani huyo ndiye aitwaye draiva. Hakuwa mgeni katika kompyuta kubwa. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969, ulikwisha zoea kuvionyesha vifaa kana kwamba ni faili za kusomwa na kuandikwa. Katika kompyuta ndogo, hatua kubwa ilikuwa MS-DOS 2.0 ya mwaka 1983. Mwenye kompyuta aliongeza mstari mmoja katika faili iitwayo CONFIG.SYS, akataja jina la draiva, na mfumo ulipoamka ulimpokea mkalimani huyo bila ya kutungwa upya. Hata hapo kifaa kilisomwa kwa jina kama faili: CON ni kibodi na kiwambo, PRN ni printa. Kwa sababu hiyo watumiaji wa Windows walikatazwa kwa miaka mingi kuita faili yo yote jina CON. Jina lilikuwa limekwisha kuwa na mwenyewe.

Mfano mwingine upo karibu. Reli ya TAZARA, ipitayo Makambako na Mbeya, ina upana wa milimita 1067. Reli ya Kati ina milimita 1000. Behewa la moja haliwezi kwenda juu ya nyingine, na huko Kidatu palijengwa kituo cha kuhamishia mizigo. Mzigo haubadiliki, kinachobadilika ni gari liuchukualo. Draiva hufanya kazi ya Kidatu.

Lilibaki tatizo la kuitana. Kifaa chenye habari hukikatiza kidogo kile prosesa ifanyacho, ili kisikilizwe. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na njia 8 tu za kukatizia, na vifaa viwili vilivyopangwa katika njia moja vilikuwa kama watu wawili wanaoitika jina moja. Mwenye mashine alilazimika kufungua sanduku na kuhamisha vibanio vidogo kwa mkono. Windows 95, ya mwaka 1995, ilijaribu kuigawa mipango hiyo yenyewe. Na USB, iliyotangazwa mwaka 1996, iliweka desturi ambayo sisi twaijua kwa jina la hodi. Kifaa kikichomekwa huulizwa ni nani, nacho hutaja namba ya mtengenezaji wake, namba yake, na jamaa yake: kwamba ni wa jamaa ya kibodi na vipanya, au ya ghala za faili. Akijulikana jamaa yake, mkalimani wa jamaa hiyo hutosha. Asipojulikana, hubaki mlangoni.

Basi asemaye "haisomi" amesema kweli. Kifaa kipo na kinasema. Kinachokosekana ni msomaji wa maandishi yake.

IV. Istilahi zetu

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka ya Apple II na Spectrum, ambayo vijana wa Ulaya na Marekani walijifunza anwani na milango kwa vidole vyao, ilipita huku Kiswahili kikiwa hakina haja ya kuitaja. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, mifumo endeshi ilikuwa imekwisha kuvificha vifaa, na kazi iliyokuwa mbele ya wafasiri, kazi ya kusifiwa, ilikuwa kutafsiri maneno yaonekanayo katika kiwambo. Lugha yetu ilipokewa sebuleni; jikoni haikufika.

Matokeo yake yaonekana katika kitenzi -endesha. Kutokana nacho tuna mfumo endeshi, nalo ni neno jema lililokwisha kukaa. Lakini kiendeshi hutumika kwa chombo cha diski, na hutumika pia kwa programu iliyo mkalimani wa kifaa. Katika Kiingereza maneno hayo mawili hutofautiana kwa herufi moja. Katika Kiswahili yamekuwa neno moja. Sasa fikiri mwanafunzi katika chuo cha Mbeya au Iringa aliyepewa maagizo kwa Kiswahili: "Futa kiendeshi, kisha uanze upya." Akilielewa kwa maana ya mkalimani, ataondoa programu ndogo aliyoweza kuirudisha kwa dakika chache. Akilielewa kwa maana ya chombo cha diski, atafuta kila alichoandika.

Mafundi wamekwisha kutoka katika mtego huo bila ya kuitisha kamati. Neno moja la Kiingereza limeingia katika Kiswahili mara mbili: wakati wa magari lilikuja kuwa dereva, na wakati wa kompyuta likaja kuwa draiva. Wapo wamwitao draiva hata mtu wa usukani, lakini upatanisho wa sarufi hauwaachi wachanganye: "draiva amefika" ni mtu, na wingi wake ni "wamefika", "draiva haipo" ni programu, na wingi wake ni "hazipo". Ngeli imefanya kazi ambayo mzizi haukuweza.

Kwa hiyo napendekeza kiendeshi kibakie kuwa chombo cha diski, na draiva ikubaliwe katika kamusi zetu, katika ngeli ya I-ZI, kuwa programu itafsiriyo kati ya mfumo endeshi na kifaa. Najua watakaopinga kwamba mzizi wa Kibantu ni bora kuliko mkopo, nami katika mahali pengi nakubaliana nao. Lakini kazi ya kwanza ya istilahi ni kutenganisha vitu viwili visivyo kimoja. Pamoja na draiva yafaa kulisajili tendo -soma kwa maana yake mpya, "kutambua na kuelewa kifaa", kwa kuwa wasemaji wameipata wenyewe, nayo ni sahihi.