Kujiita 'geek' na kuitwa 'nerd' si mamoja

Ijumaa mbili zilizopita nilikuwa kwa dada yangu, Mji wa Kale, tumeketi barazani baada ya alasiri na sahani ya mahamri katikati yetu. Mpwa wangu wa kiume, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu, alikuwa amevaa fulana nyeusi iliyoandikwa GEEK kifuani kwa herufi kubwa za kijani. Dadake, aliye shule ya upili, hakuwa akila wala kusema. Mamake ndiye aliyetoboa siri: binti ameacha chama cha hisabati shuleni kwao, chama alichokuwa akikingoja kila wiki kama watoto wanavyoingoja Idi.

"Wananiita nerd," alisema yule binti, macho chini. "Kila nikipita dirishani kwao, nerd, nerd. Sitaki tena."

Kakake akacheka. "Sasa hilo nalo ni tusi? Waambie wewe ni geek, kwisha maneno. Mimi mbona nimelinunua kwa pesa yangu nikalivaa?"

"Wewe umejiita. Mimi nimeitwa." Kisha akanigeukia. "Mjomba, wewe ndiwe mwenye kuandika. Hebu nambie, maneno hayo mawili ni kitu kimoja?"

Nikasema nitamjibu. Nilidhani ni jambo la dakika tano, limenila wiki mbili.

Tuanze na 'geek', ambalo hutamkwa giki. Chimbuko lake ni neno 'geck' la Kiholanzi na Kijerumani cha kaskazini, na maana yake ni mjinga, mtu wa kuchezewa shere. Waingereza nao walikuwa nalo zamani. Shakespeare alilitumia katika tamthilia yake Twelfth Night, kwa mtumishi aliyefanyiwa mzaha mpaka akaamini kwamba bibi yake anampenda. Lilipofika Marekani, mapema katika karne ya 20, likapewa kazi mbaya zaidi. Kulikuwa na maonyesho yaliyozunguka mji hadi mji, na katika baadhi yake palikuwa na mtu aliyeitwa 'geek'. Kazi yake ilikuwa kung'ata kichwa cha kuku aliye hai mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mwaka 1946 mwandishi William Lindsay Gresham alitoa riwaya Nightmare Alley kuhusu maonyesho kama hayo, na 'geek' wa humo ni mlevi anayefanya uchafu huo ili apewe chupa yake. Nilipomweleza mpwa wangu haya, aliitazama fulana yake kwa muda, kisha akasema rangi bado ni nzuri.

'Nerd' ni neno changa zaidi. Linapatikana kwanza katika kitabu cha watoto cha Dr. Seuss, If I Ran the Zoo, cha mwaka 1950, na humo ni jina la mnyama wa kubuni tu. Mwaka uliofuata jarida la Newsweek liliandika kwamba vijana wa Detroit wanalitumia kwa mtu asiyechangamka, mtu aliyepooza. Miaka ya 1970 kipindi cha televisheni Happy Days kikalisambaza Marekani nzima, na mwaka 1984 ikatoka filamu Revenge of the Nerds. Kufikia hapo picha ilikwisha kuchorwa: miwani mizito, shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, kalamu zimejaa mfukoni, na mtu mwenyewe hajui kuzungumza na watu.

Basi maneno yote mawili yalizaliwa matusi. Hakuna lenye nasaba nzuri kuliko jingine.

Kilichoyabadilisha ni kompyuta, na kwa kweli ni pesa za kompyuta. Bill Gates na Paul Allen walianzisha Microsoft mwaka 1975. Steve Jobs na Steve Wozniak wakafuata na Apple mwaka 1976. Miaka 20 baadaye waliokuwa wakichekwa shuleni ndio walioajiri waliokuwa wakiwacheka. Mwaka 1994, mjini Minneapolis, kijana aliyeitwa Robert Stephens alifungua biashara ya kutengeneza kompyuta majumbani akaiita Geek Squad, yaani kikosi cha magiki, na mafundi wake akawavisha shati jeupe na tai nyeusi. Mwaka 2002 kampuni kubwa ya maduka ya Best Buy ikainunua. Jina ambalo watu wanalipa ili wenyewe waje nyumbani huwezi kulitukania mtu tena. Mwaka 2006 Wahispania wakaanza kuadhimisha siku ya fahari ya magiki, tarehe 25 Mei, ambayo ndiyo tarehe filamu ya kwanza ya Star Wars ilipotoka mwaka 1977.

'Nerd' nalo lilipanda, lakini halikupanda sawa. Na hapa ndipo tofauti ninayoiona mimi.

Ijumaa ileile, kabla ya magharibi, jirani alileta simu ambayo mgongo wake umefunuka kwa sababu betri imevimba. Mpwa wangu aliitia jicho tu. Akataja aina yake, mwaka iliotoka, toleo lililoifuata, tofauti ya kamera zao, na duka gani litakuuzia betri halisi na lipi litakupa bandia. Hayo yote bila kuigusa. Ana sanduku chini ya kitanda lenye simu 41 za zamani, ikiwemo Nokia 3310, na ukimpa nafasi atakueleza kila moja aliipata wapi. Dadake hakujali ni simu ya aina gani. Aliuliza, "Kwani ndani mna nini hata ivimbe?" Kakake akasema ni uzee. "Uzee wa nini?" Akachukua simu ya mamake akasoma, na baada ya nusu saa akatwambia kwamba ndani ya betri mna kimiminika ambacho kikichakaa au kikipata joto jingi huvunjikavunjika na kutoa gesi, na gesi haina pa kutokea kwa sababu betri imezibwa. Kisha akasema ndiyo sababu haifai kuitoboa wala kuibana, inaweza kuwaka. Akamwambia kakake aitoe juu ya mkeka.

Yule wa kwanza ni 'geek'. Anakipenda kitu chenyewe, anakikusanya, anakijua kwa jina na ukoo, na raha yake hukamilika akiwaonyesha wenziwe. Wa pili ni 'nerd'. Kitu kwake ni mlango tu, anachotaka ni kujua kwa nini, na akishajua yuko radhi hata asimwambie mtu.

Si mimi peke yangu niliyegawa hivi. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Burr Settles, alichukua rundo la jumbe za Twitter akapima maneno gani huandamana na 'geek' na gani huandamana na 'nerd'. Upande wa 'geek' ulijaa vifaa, makusanyo na ushabiki. Upande wa 'nerd' ulijaa masomo na vitabu. Bila shaka wapo walio yote mawili, na mtu hugeuka kwa umri.

Mpwa wangu wa kike aliniuliza kama sisi tuna watu hao au ni mambo ya Wazungu. Nikamwambia aende kwenye baraza yoyote ya wapenzi wa taarab. Namjua mzee mmoja mwenye kabati zima la kaseti za Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma, zimepangwa, zimeandikwa ubavuni kwa wino, na hakuazimi hata ukimlilia. Atakwambia wimbo fulani ulipigwa harusi gani na fidla alishika nani. Kando yake huketi mwenziwe asiye na kaseti hata moja. Huyo kazi yake ni kusimamisha wimbo katikati: "Rudisha hapo. Mizani imepungua." Anahesabu kwa vidole, minane na minane, akipata saba hapati usingizi. Anajua kwamba nyimbo nyingi za Juma Bhalo zilitungwa na binamuye, Ahmad Nassir, na kwake mtungaji ndiye habari, mwimbaji ni msafirishaji. Wazee hawa wamegombana miaka 30 na hakuna anayekunywa kahawa bila mwenziwe.

Halafu nikamtajia Mwalimu Sikujua bin Abdallah, wa hapa hapa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kufa nusu karne kabla, na mashairi yake mengi yalikuwa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua ndiye aliyeyakusanya na kuyaeleza, hili lilisemwa kwa nani, neno hili lina maana gani, akifanya kazi hiyo pamoja na mmishonari Mwingereza William Taylor. Diwani ya Muyaka iliyochapishwa na William Hichens mwaka 1940 imesimama juu ya kazi ile. Kukusanya ni kazi ya 'geek', kufasiri ni ya 'nerd', na huyu bwana alikuwa na zote mbili. Jina lake ndilo lililomfanya binti acheke kwa mara ya kwanza jioni ile. Mtu aliyejua yote hayo, kuitwa Sikujua!

Lakini swali lake la kwanza lilikuwa bado. Kwa nini kakake avae neno na yeye limchome?

Jibu moja ni lile alilokwisha kulisema mwenyewe, la kujiita na kuitwa. Ila hapa kwetu kujiita ndiko kuna aibu. Fundi hajitangazi fundi, wateja ndio humwita hivyo. Malenga hajiiti malenga, watu humwita wakishamsikia. Anayejipa jina mwenyewe tunamwambia anajitia. Kwa desturi yetu, fulana ya mpwa wangu ndiyo yenye kasoro, na yule binti amepata jina kwa njia ya sawa, kwa watu. Shida ni kwamba waliompa ni wavulana wa dirishani, wasiojua hata hesabu anazofanya ni za nini.

Jibu la pili sikulipenda, lakini nililisema. Sura ya 'nerd' aliyefaulu, tangu filamu zile za miaka ya 1980 mpaka matajiri wa kompyuta, imekuwa ya mwanamume. Mvulana akiitwa hivyo huambiwa ngoja, utakuwa tajiri. Msichana akiitwa hivyo huambiwa utakosa mume. Sijasikia hilo kwa Wamarekani pekee, nimelisikia ndani ya nyumba zetu, na siku moja nililisema mimi mwenyewe kwa mzaha, mbele ya binti huyuhuyu. Alikumbuka siku hiyo. Mimi nilikuwa nimesahau.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamweleza habari za Maryam Mirzakhani, Muirani, ambaye mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati inayotolewa tangu 1936. Alikuwa akitandika karatasi kubwa sakafuni akichora maumbo, na binti yake mdogo akidhani mamake ni mchoraji. Aliolewa, akazaa, akafundisha Stanford, akafariki mwaka 2017 akiwa na miaka 40. Mpwa wangu hakuuliza habari za mume wala za tuzo. Aliuliza ni maumbo gani hayo aliyokuwa akichora, na hapo mjomba nikakwama.

Jana dada yangu alinipigia. Binti hajarudi chamani, ila mwalimu wake amemtumia maswali ya wiki mbili alizokosa na ameyafanya yote isipokuwa moja. Hilo moja amelibandika kwenye mlango wa friji, na kakake amekatazwa kulitoa.